Umande wa Rutayisire

Mwezi wa saba Gisozi haina huruma. Mvua imekwisha tangu wa tano, vumbi linapanda kutoka kwenye karakana za mbao na kulala juu ya kila jani, kila kikombe na kila shati jeupe, na bustani za jikoni ambazo kila nyumba ya mtaa imeagizwa kuwa nazo zinabaki vijiti na kamba. Mwaka huo bustani moja tu ilikataa kufa. Ilikuwa ya mzee Rutayisire, mstaafu wa ofisi moja ya kumbukumbu kule Kicukiro, mwenye miwani miwili na maneno mengi. Dodo zake, ule mchicha wa huku, zilikuwa na majani mapana kama sahani, sukuma zilimfika kiunoni, na vitunguu vya majani vilisimama wima hata saa nane mchana, wakati mbwa wenyewe wamelala chini ya magari.

Watu wakawa wanasimama langoni kuuliza siri. Mzee anavua miwani ya kusomea, anavaa ya kuonea mbali, anatazama kilima cha pili kana kwamba jibu limeandikwa huko.

"Umande," anasema.

"Umande gani, muzehe? Huku kwetu umande haiko?"

"Upo. Hamjui kuupokea tu."

Mkewe, Mukandekezi, akisikia hayo huinamisha uso kwenye ungo wa mchele. Alijua vizuri umande huo ulikotoka. Ulitoka kwenye koki kuu, ile ya kufungia maji ya nyumba nzima, iliyokaa ndani ya kisanduku cha saruji kwenye kona ya juu ya bustani. Koki yenyewe ilikuwa na umri mkubwa kuliko lango. Gurudumu lake la kuzungushia lilikatika mwaka ambao binti yao Ihirwe alimaliza darasa la sita, na sasa Ihirwe ana kazi na nywele za kulipia. Tangu hapo shingo ya koki ilifungwa kwa mpira wa baiskeli, halafu kwa kitambaa, halafu kwa mpira mwingine juu ya kitambaa. Mwaka huo mipira nayo ilichoka, na kila siku ya zamu ya maji, yaani Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, ilitoa maji shingoni bila kelele, na bustani ikanywa.

Kwa miaka mitatu Mukandekezi alikuwa amemwambia mumewe aite fundi, na kwa miaka mitatu mumewe alikuwa anakwenda kumwita. Kisha ukaja mwezi huo wa saba, Nsengiyumva naye akaja, na habari ya fundi ikafa kabisa.

Nsengiyumva alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Usafi na Bustani ya mtaa, kijana wa miaka arobaini aliyekulia Uganda, mwenye jaketi la kijani lisilovuliwa hata juani. Alifika na daftari na rula. Akapima jani la dodo kwa urefu, akapima kwa upana, akaandika.

"Mzee, hii ni inovesheni," alisema. "Sasa nieleze method, pole pole."

Rutayisire hakuwa na njia yoyote ya kueleza. Lakini mtu aliyefanya kazi ofisini miaka thelathini hakosi maelezo. Alitazama chini, akaona mawe manne matano ambayo kuku walikuwa wameyafukua.

"Mawe," alisema. "Unapanga mawe kuzunguka mzizi. Usiku jiwe linapoa. Alfajiri umande unashika kwenye jiwe baridi, unateremka mpaka kwenye mzizi. Tulikuwa tunafanya hivyo Karagwe, enzi za wazazi wetu."

Mukandekezi naye alizaliwa Karagwe. Katika maisha yake yote ya kule alikuwa ameona mawe yakifanya kazi mbili: kuzuia bati lisipeperuke, na kufukuza nyani.

Jioni ile ile picha ya mzee akiwa amechuchumaa kati ya sukuma zake ilikuwa kwenye simu za mtaa mzima. Ihirwe alimpigia baba yake kumwambia kwamba ametrendi. Siku ya pili kikaja cheti chenye fremu: Kaya ya Mfano. Siku ya tatu jirani wa kushoto alionekana akisukuma toroli la mawe.

*

Chini ya bustani hiyo, mlima unaposhuka, kulikuwa na nyumba ya Gahongayire. Ilikuwa ya matofali mabichi, na chumba cha mbele kilikuwa duka la maziwa. Ikivuguto ya Gahongayire ilisifiwa na mafundi wote wa Agakiriro, kwenye zile karakana za mbao. Wenye vumbi la mbao kwenye kope walikuwa wanashuka saa nne kunywa vikombe viwili vya mtindi baridi na mkate wa kukatwa, wakirudi kazini wameshiba. Alikuwa mjane, duka ndilo lililomlisha, na usafi wake ulikuwa wa kutisha. Mteja aliyeweka kiwiko mezani alifutiwa kiwiko na meza.

Mukandekezi alishuka Jumatano moja na birika lake kununua maziwa. Alikuta uwanja wa duka umegeuka tope. Mbao tatu zilikuwa zimetandikwa kutoka barabarani hadi mlangoni ili wateja wapite, na juu ya ndoo ya maziwa, ukutani, palibandikwa karatasi yenye muhuri.

"Muturanyi, jirani yangu, ni nini tena?" aliuliza.

Gahongayire hakuinua uso. Alikuwa anakwangua tope kwenye ngazi kwa jembe.

"Wamenipiga amande, faini ya elfu kumi. Chairman anasema namwaga maji ya kufua hapa nje. Mimi! Nikamwambia, njoo uone, kamba yangu iko na nguo? Hakuna. Anasema maji haiwezi kutoka chini peke yake, mvura haiko."

"Ukalipa?"

"Nimelipa. Ningefanya nini? Sasa soma ile ya chini, mimi mambo ya kusoma inanishinda."

Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa lugha tatu ili pasiwe na kisingizio. Mukandekezi aliisoma kwa sauti: ikiwa uwanja utakutwa bado na maji machafu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, biashara ya maziwa itafungwa hadi itakapoamuliwa vinginevyo.

"Hadi lini hiyo?" Gahongayire aliuliza.

"Hawakusema."

"Mimi nasema. Hadi nife." Akaweka jembe chini. "Ukuta nao unaanza kulowa. Gusa. Sijui Mungu amenikosea nini, ao mimi nimemkosea nini."

Mukandekezi aligusa ukuta. Ulikuwa baridi na laini, na kidole chake kilitoka na udongo. Alijua mahali penyewe. Angeweza kunyoosha mkono na kuonyesha juu ya ua, kwenye kona, chini ya sukuma. Badala yake alilipa maziwa, Gahongayire akamwongezea kidogo kama kawaida yake, na ile nyongeza ilimchoma kuliko kama angetukanwa.

*

"Baba Ihirwe," alisema jioni, "koki inamwaga maji kwa Gahongayire. Wamempiga faini. Watamfungia duka."

Rutayisire alikuwa anafuta fremu ya cheti kwa kitambaa cha miwani.

"Nani kasema ni maji yetu? Maji hayana jina."

"Mita yetu inayajua."

Hapo alirudia kufuta pembe moja ya fremu, maana bili ya mwezi ule ilikuwa imewafanya wale maharage siku tisa mfululizo. Bili hiyo aliiita gharama za heshima.

"Tuite fundi," Mukandekezi alisema. "Mambo yaishe kimya kimya. Hakuna atakayejua."

"Na bustani?"

"Itakuwa kama za wenzetu."

Mzee aliweka cheti chini taratibu, akamtazama mkewe kama mtu aliyeombwa kuuza mtoto.

"Wewe unajua Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna nini? Kamati yote inakuja hapa. Wanakuja na wageni wa mitaa mingine, na madaftari. Nsengiyumva ameniambia niandae kurasa tatu. Umuganda wa mwezi huu, mtaa mzima unakusanya mawe kwa ajili ya kilimo cha umande. Mtaa mzima, Mama Ihirwe! Halafu niwakaribishe kwenye vijiti?"

"Na Gahongayire?"

"Nitamtetea. Nikishasema maneno yangu, nitasema na lake. Mtu wa mfano husikilizwa."

Mukandekezi alimwangalia na kuona kwamba anasema kweli. Mume wake alikuwa anaamini kabisa kwamba atamwokoa yule mama kutoka kwenye maji anayommwagia, akisharudi na makofi mkononi. Alimwonea hasira na aibu kwa pamoja, na aibu ndiyo iliyokuwa kubwa. Aliinuka akaenda kuchambua maharage.

*

Koki kuu ya namna ile haibadilishwi siku ya maji. Koki ndogo ya kwenye mita ilikuwa imeganda kwa kutu tangu zamani, kwa hiyo fundi yeyote wa Gisozi husubiri siku isiyo ya zamu, bomba likiwa tupu. Mukandekezi alichagua Ijumaa, siku ambayo mumewe alishinda Kicukiro na wastaafu wenzake wakisubiri mtu wa kusikiliza malalamiko yao.

Usumani alifika baada ya swala, kanzu ikiwa imekunjwa kwenye mfuko na ovaroli mwilini. Alikuwa mzaliwa wa Nyamirambo, fundi bomba kwa miaka ishirini na minane, na spana yake kubwa ilikuwa imeng'aa mahali pa kushikia. Aliinua kifuniko cha saruji, akachungulia koki, akatoa ulimi.

"Mama, hii vane haivuji. Hii inalia. Imelia mpaka imechoka." Akaanza kuifungua mipira, wa kwanza, kitambaa, wa pili. "Nani amefunga hivi? Hii ni bandeji ya vita."

"Mwenye nyumba."

"Mungu amusaidie." Akatazama bustani, akatazama bonde la chini, akatazama tena koki. Usumani alikunywa ikivuguto ya Gahongayire kila siku na alikuwa amezipita zile mbao tatu asubuhi ile. Kisha akasema tu, "Kumbe."

"Kumbe," Mukandekezi alijibu.

Alikata, akatoa, akasafisha meno ya bomba kwa brashi ya waya, akazungusha tepu nyeupe aliyoiita tefroni, akafunga koki mpya yenye mpini mwekundu. Haikumchukua hata saa moja. Miaka mitatu ya ahadi ilikuwa na urefu wa saa moja. Mukandekezi alimlipa kutoka kwenye pesa za mushanana, vazi la sherehe, aliotaka kushonesha kwa ajili ya harusi ya mpwa wake. Harusini angevaa ule wa zamani na kusimama nyuma kwenye picha.

"Hii ya zamani nitupe?" Usumani aliuliza.

"Niachie."

Aliifunga kwenye gazeti pamoja na mipira yake, akaizika ndani ya gunia la makaa. Hakujua kwa nini. Labda alitaka kuwa na kitu mkononi siku atakapoambiwa kwamba ameota.

*

Siku nne za kwanza bustani haikujua lililoipata. Siku ya tano vitunguu vilianza kulala saa nane. Siku ya saba dodo zilikunja majani, na Rutayisire akaanza kuzungukazunguka na miwani yote miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso.

Siku ya nane alipiga magoti kwenye kona, akainua kifuniko. Mukandekezi alimwona kutoka dirisha la jikoni. Alimwona akikaa pale muda mrefu, akitazama mpini mwekundu.

Aliingia ndani, akaketi, akaomba chai.

"Mama Ihirwe," alisema, "hivi wiki hizi mbili kuna mtu aliyeingia humu ndani?"

"Mtu wa nini?"

"Mtu tu. Mwenye… vifaa."

"Umeibiwa kitu?"

Rutayisire alivua miwani mmoja, akavaa mwingine. Hapo ndipo Mukandekezi alipoona uzuri wa kazi yake, ingawa hakuwa ameipanga hivyo. Ili mzee alalamike kwamba koki imetengenezwa, sharti kwanza akiri kwamba koki ilikuwa mbovu. Hakuibiwa kitu. Alikuwa ameongezewa.

"Hapana," alisema. "Hakuna kilichoibwa."

"Basi tumshukuru Mungu," alisema mkewe, akammiminia chai.

Keshoye mzee alimwita Usumani mwenyewe, maana mtaani koki nyingi zilikuwa kazi ya mkono wake. Walikaa barazani, na Mukandekezi aliwaletea chai na kukaa mlangoni na ungo wake. Mzee hakupata neno la kumfukuzia.

"Fundi," Rutayisire alianza kwa sauti ya ofisini, "kuna ile koki mpya. Nzuri sana. Ila naona inafunga mno."

"Inafunga mno?"

"Mno. Nilikuwa nafikiri, bila kuiharibu, unaweza kuilegeza shingoni. Kidogo tu. Ipumue."

Usumani aliweka kikombe chini.

"Muzehe, mimi miaka ishirini na nane watu wananiita, fundi zuia maji, fundi maji inatuua. Hakuna siku mtu ameniambia fundi nivujishie. Wallahi hiyo kazi sijui bei yake."

"Nitakulipa mara mbili."

"Hata mara tatu. Kwanza hii vane ya kisasa haina shingo ya kulegeza. Ya pili, mimi pale chini ndipo nakunywa maziwa." Alisimama, akamshukuru mama kwa chai. Mlangoni akageuka. "Muzehe, kama unataka maji kwa mboga, iko ndoo."

Na ndoo ndiyo iliyofuata. Kila alfajiri, kabla jirani hajatoka, Rutayisire alionekana na jerikani mbili za njano, amevaa koti la suti juu ya pajama, akipanda na kushuka kati ya tangi la nyuma na mboga zake. Mtu mmoja aliyekuwa anakwenda misa ya kwanza alimwuliza anafanya nini, naye akajibu kwamba anapima umande. Kiuno kilimuuma. Mukandekezi alimkanda kwa mafuta ya moto usiku. Huruma ilimjia, kisha akakumbuka ule ukuta laini, ikapungua.

Chini, uwanja wa Gahongayire ulikuwa umekauka. Alikuwa ameziondoa mbao, amefagia, ametandaza mchanga. Alipomwona Mukandekezi alimshika mikono yote miwili.

"Imekauka peke yake! Niliomba novena. Duka haifungwi tena, muturanyi."

Mukandekezi alisema amina. Alifikiri kwamba mambo yameisha, kila mtu amebaki na uso wake, na hilo ndilo alilokuwa anataka. Hakuwa amemweka Nsengiyumva kwenye hesabu.

*

Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtaa mzima ulibeba mawe. Kuanzia saa mbili hadi saa tano watu waliyatoa kwenye makorongo, wakayapakia kwenye matoroli, magunia na vichwa, wakayagawa nyumba kwa nyumba kulingana na orodha. Mhasibu mmoja alijiponda kidole cha mguu. Mama mwenye umri mkubwa alipewa jiwe dogo la heshima.

Kamati ilipofika kwa Rutayisire ilikuta mboga zimelala ubavu, licha ya jerikani zote. Wageni wa mitaa mingine walishika kalamu bila kuandika.

"Umande umechelewa mwaka huu," Rutayisire alisema.

"Ni mawe haitoshi," Nsengiyumva aliamua, na akaagiza yaletwe thelathini zaidi.

Kikao kilifanyika chini, kwenye uwanja wa duka la maziwa, kwa sababu ulikuwa mpana na, kwa mshangao wa wote, mkavu. Watu walikaa chini na vumbi lao. Rutayisire alikuwa amewekewa kiti mbele, na kurasa zake tatu zilikuwa mfukoni. Nsengiyumva alisimama nyuma ya meza.

"Kabla mzee hajatufundisha, tuna jambo la kufurahisha," alisema. "Mama Gahongayire amejirekebisha! Kamati ilimpiga amande, na leo mnaona. Duka halifungwi." Makofi. "Kilichobaki ni kusaini hii karatasi, tufunge faili."

Alimsomea. Mimi, Gahongayire, nakiri kwamba nilikuwa namwaga maji machafu mbele ya biashara yangu ya chakula, naomba radhi kwa wakazi, na sitarudia. Karatasi ingebandikwa ukutani, juu ya maziwa, kwa mwaka mmoja.

Gahongayire aliisikiliza mpaka mwisho.

"Chairman, mimi sikumwaga maji."

"Mama, hatuko hapa kwa kubishana. Tope lilikuwepo, sasa haliko. Kwa hiyo umeacha."

"Nimeacha nini, kama sikufanya? Nani atakunywa maziwa yangu akisoma hiyo?"

"Ukikataa, sheria ya kamati ni kufunga. Leo leo." Sauti yake haikuwa na ubaya, alikuwa na faili tu, na alitaka lifungwe. "Na shahidi atakuwa jirani wa mfano. Mzee Rutayisire, tafadhali."

Mukandekezi, aliyekuwa amekaa na wanawake kando ya ukuta, alimtazama mumewe. Sasa, alimwambia kimoyomoyo. Ulisema utamtetea, mtetee. Alimngoja kwa moyo wote. Angemsamehe maharage, jerikani na mushanana kwa neno moja tu. Rutayisire alisimama. Alitazama wageni wenye madaftari. Akavua miwani ya kuonea mbali, akavaa ya kusomea, akatoa kalamu mfukoni.

"Nisaini wapi?" aliuliza.

Mukandekezi aliondoka. Alipanda mlima bila kukimbia, akaingia nyumbani, akatia mkono kwenye gunia la makaa hadi kwenye bega. Aliporudi mkono ulikuwa mweusi na watu wakampisha. Gahongayire alikuwa ameshikishwa kalamu na analia bila sauti. Rutayisire alikuwa amekwisha saini. Mukandekezi alifungua gazeti, akaiweka koki juu ya karatasi, na mipira yake ya baiskeli pembeni.

"Mwenyekiti," alisema, "umande wenyewe ndio huu."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Kisha Usumani akasema kutoka nyuma, "Hiyo vane nimeitoa mimi kwa muzehe, wiki mbili zimepita. Ilikuwa inamwaga. Uwanja huu ukakauka wiki hiyo hiyo." Macho ya watu yalipanda mlima, hadi kwenye zile mboga zilizolala, yakashuka kwa mstari ulionyooka hadi uwanjani. Mtu mmoja alicheka. Wengi hawakucheka, walitazama mikono yao.

"Tufunge kikao," alisema Nsengiyumva.

"Oya, hapana," Gahongayire alisema. Alifuta uso, akaitoa karatasi chini ya koki, akaigeuza upande mweupe, akaisukuma mbele ya Rutayisire. "Andika weye."

"Mama Gahongayire, mimi na wewe tukae pembeni tuzung—"

"Andika."

Mzee aliandika. Mukandekezi alisoma kwa sauti, kwa sababu Gahongayire alimwomba: kufuatia changamoto za kiufundi zilizojitokeza katika mfumo wa maji wa kaya—

"Hiyo ni nini?"

"Si kitu," Mukandekezi alisema.

"Afute."

Akafuta. Akaandika tena: inawezekana kwamba kwa namna moja au nyingine maji—

"Afute."

Mtu aliyeandaa kurasa tatu juu ya umande alikaa na kalamu mkononi, jasho likimdondoka kwenye lenzi. Kikao kizima kilimngoja. Mwishowe aliandika mstari mmoja, na mara hii aliusoma mwenyewe, taratibu, kwa sauti isiyokuwa ya ofisini.

"Maji yalikuwa yangu."

"Weka jina," alisema Gahongayire.

Aliweka. Akatoa na elfu kumi, akaiweka chini ya koki ili upepo usiichukue. Gahongayire akaenda ndani kumimina maziwa, maana watu walikuwa na kiu baada ya kubeba mawe.

Ile karatasi iko ukutani mpaka leo, juu ya ndoo, mahali pa ile ya muhuri. Mukandekezi haendi tena kununua maziwa, anamtuma mumewe. Kila jioni mzee anasimama kwenye foleni na birika, kati ya mafundi wenye vumbi la mbao, uso wake ukiwa dhiraa moja kutoka kwenye jina lake. Huvaa miwani ya kuonea mbali, ambayo kwa karibu haisomi kitu.